Timu ya Daraja la Chini Inaweza Kujaza Ukumbi

Nani atatoa pesa kuwatazama wachezaji wa kikapu wasio na namba NBA, ilhali nyota wenyewe wanaonekana kwenye televisheni? Wengi huamini hakuna. Portland, mji wenye watu wasiofika 70,000 katika jimbo la Maine, Marekani, umeonyesha kwamba wapo, na wapo wengi.

Wasiwasi huo haukutoka hewani. NBA ilipoanzisha ligi yake ya kulea vipaji mwaka 2001, iliweka timu 8 katika miji ya kusini mashariki, ikiwamo Roanoke, Mobile na Asheville. Msimu wa 2005-06 ulipokwisha, hakuna hata mji mmoja kati ya hiyo uliobaki na timu yake. Baadhi zilivunjwa, nyingine zikahamishiwa Texas, Oklahoma na New Mexico.

Portland ilipata timu yake mwaka 2009, ikaiita Red Claws, yaani magando mekundu ya kamba koche, fahari ya wavuvi wa Maine. Makao yake yakawa Expo, jengo la mwaka 1914 lenye nafasi ya watu wapatao 3,000. Msimu ule wa kwanza, tiketi za mechi zote za nyumbani ziliisha.

Udogo wa Expo ndio nguvu yake. Aliyeketi mbele husikia viatu vikilia sakafuni na kocha akimfokea beki aliyechelewa kurudi. Watu 2,500 humo ni shangwe. Wapeleke katika uwanja wa viti 10,000, watapotea.

Kweli, mchezaji akiwika huitwa ngazi ya juu, na shabiki hubaki na jezi tu. Lakini hilo pia ni kivutio. Tacko Fall, Msenegali mwenye urefu wa zaidi ya mita 2.2, alichezea Portland msimu wa 2019-20 huku akipanda na kushuka kati ya hapo na Boston, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Celtics, timu ya NBA ya Boston, waliinunua timu hiyo mwaka 2019, na tangu 2021 inaitwa Maine Celtics. Mwaka 2024 ilifika fainali ya ligi hiyo ya vipaji, ikafungwa na Oklahoma City Blue.

Kuna mashabiki wengine ambao klabu haina budi kuwafuata. Mwaka 2019, na tena 2023, Expo iligeuzwa makazi ya muda ya mamia ya waomba hifadhi, wengi wao kutoka Kongo na Angola. Kuna watoto waliolala kwenye sakafu ile ile ambayo mechi huchezwa. Waalikwe na wazazi wao kwa kiingilio wanachokimudu, na wafundishwe mchezo wenyewe. Timu ya daraja la chini hujaza ukumbi pale wakazi wa mji wake, wa zamani na wageni, wanapoiona ni yao.