Mikanda mitatu ya Uganda, hakuna uliotetewa nyumbani

Oktoba 24, 1979, miezi sita baada ya Idi Amin kung'olewa madarakani, bondia Ayub Kalule wa Uganda alimshinda Masashi Kudo kwa pointi mjini Akita, Japan, na kutwaa ubingwa wa dunia wa WBA, uzito wa kati mwepesi. Aliutetea mara nne nchini Denmark alikokuwa akiishi, kabla ya kupigwa na Sugar Ray Leonard mjini Houston, Juni 1981.

Waganda wawili walifuata katika uzito huo huo. John Mugabi alitwaa mkanda wa WBC nchini Ufaransa mwaka 1989, akapokonywa na Terry Norris mwaka uliofuata. Kassim Ouma alitwaa wa IBF nchini Marekani mwaka 2004, akaupoteza Julai 2005.

Hakuna hata mmoja uliopiganiwa Kampala. Vipaji havikukosekana: Kalule alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974, Mugabi fedha ya Olimpiki mwaka 1980. Kilichokosekana ni promota mwenye mtaji na televisheni inayolipa, kwani pambano la ubingwa hufuata fedha. Mabondia wa Tanzania wanaosaka mikanda wanakabiliwa na kizingiti hicho hicho: bila wawekezaji nyumbani, sifa hurudi na bondia, mapato hubaki ugenini.