"Usiogope" si Dawa ya Usingizi

Jumapili ya tarehe 22 Desemba 2024 nilikuwa kanisani, benchi la nyuma, simu mkononi. Najua, simu kanisani ni kukosa adabu. Lakini mtandao ulikuwa umejaa habari za vijana waliobebwa na watu wasiojitambulisha, na rafiki yangu mmoja, msee wa kuchora vibonzo vya kuwachokoza wakubwa, alikuwa amezima simu tangu saa nne usiku. Ama ilikuwa imezimwa na mtu mwingine. Hiyo ndiyo sikuwa najua.

Mshumaa wa nne wa Majilio ulikuwa unawaka. Padri akapanda, akatabasamu, akatuambia Krismasi ni wakati wa furaha, tuache woga, tumwachie Mungu, na mambo ya mtandao tuyaache nje ya mlango wa kanisa. Watu wakasema amina. Mimi pia nikasema. Sijawahi kujutia amina kama ile.

Wacha niseme wazi: faraja tunayogawiwa kila Desemba ni feki. Si ati imani haifariji. Inafariji, na nitakuambia vile ilinifariji mimi. Lakini faraja ya kukwambia ufumbe macho ni ganzi tu. Ganzi ni nzuri ukiwa kwa daktari wa meno. Haimsaidii mtu anayevuka Thika Road usiku.

Angalia kalenda ya Kanisa lenyewe. Mwaka ule Majilio yalianza tarehe 1 Desemba, na Injili ya Jumapili hiyo ya kwanza ilitoka Luka 21. Humo hakuna kengele wala theluji ya pamba. Kuna bahari inayonguruma na watu wanaozirai kwa kuogopa yanayoijia dunia. Yesu hawaambii watazame kando. Anawataka wasimame, wainue vichwa, wakeshe. Yaani Kanisa hufungua msimu wake wa matumaini kwa kukubali kwamba kuna vitu vya kuogopesha. Sasa ni nani alitufunza kuufungua kwa kujifanya havipo?

Halafu hilo neno lenyewe, "usiogope." Hebu hesabu wanaoambiwa. Zakaria, mzee aliye peke yake hekaluni. Maria, msichana aliyeposwa, ambaye mimba isiyoeleweka ingeweza kumletea aibu na hata mawe. Yosefu, ambaye tayari alikuwa amepanga kumwacha kimyakimya. Wachungaji, watu wa zamu ya usiku. Na wote wanaishi siku za Herode, mfalme ambaye Mathayo anasema aliamuru watoto wauawe. Hofu yao haikuwa stori za jaba.

Na hakuna hata mmoja aliyeambiwa arudi kulala. Yosefu aliambiwa ndotoni, akaamka, akamchukua mkewe. Wachungaji waliambiwa, wakaondoka kwenda Bethlehemu. Malaika hasemi usiogope kwa sababu hakuna kitu. Anasema usiogope, kwa sababu Mungu amekuja karibu na sasa kuna kazi.

Kinachoniuma zaidi ni Injili ya siku ile yenyewe, tarehe 22. Ilikuwa ile ya Maria kwenda haraka nchi ya milimani kwa Elizabeti. Fikiria. Msichana ameambiwa asiogope, na kitu cha kwanza anachofanya ni kufunga safari kwa mwanamke mwingine ambaye pia maisha yake yamepinduka. Hakujifungia chumbani kungoja amani imshukie. Alienda kwa mtu, akakaa kama miezi mitatu. Na ni nyumbani kwa mtu, si kwa mkutano wa hadhara, alikoimba kwamba Mungu huwashusha wakubwa kutoka vitini na kuwashibisha wenye njaa. Padri wetu alikuwa na hayo yote mbele yake, akayapita vile matatu iliyojaa hupita steji.

Utaniuliza, sasa padri angefanya nini? Kanisa si chama cha upinzani. Kweli kabisa. Lakini mwezi uliotangulia, Novemba, maaskofu Wakatoliki wa Kenya walikuwa wametoa taarifa kali wakilaani utamaduni wa uongo serikalini. Siku chache baadaye Jimbo Kuu la Nairobi likakataa pesa ambazo Rais alikuwa ametoa katika parokia moja ya Soweto. Hakuna aliyeanzisha vita. Walisema tu wanachokiona. Kama wakubwa wa Kanisa waliweza, mimbari ya mtaani ingeweza angalau kuwaombea waliopotea.

Na wewe unayesoma hii ukicheka, ukisema dini ni bangi ya maskini, ngoja kidogo. Wewe dawa yako ni gani? Kubiringisha simu hadi saa tisa usiku? Mimu? Ile pombe ya kuanzia tarehe 20 mpaka Januari ikupate bila nauli? Hiyo nayo ni ganzi. Mlevi wa Desemba na muumini wa "tumwachie Mungu" wanakunywa chupa moja, ni vile lebo ni tofauti.

Jioni ya siku hiyohiyo jumuiya yetu ilikuwa na novena ya Noeli kwa mama mmoja anayeuza mboga, ghorofa ya tatu. Stima zilikuwa zimepotea. Tuliketi juu ya viti vya plastiki na mshumaa mmoja ndani ya glasi. Wakati wa kutaja nia, nikataja rafiki yangu, na sauti ikanikwama. Hakuna aliyesema tuache woga. Mzee mmoja aliuliza, "Anakaa wapi?" Mama wa mboga akauliza, "Mamake anajua?" Tukasali, na tukasali sana, tukimtaja kwa jina. Kisha wazee wawili wakavaa makoti wakanisindikiza hadi kwake. Tulibisha mlango uliofungwa, tukaongea na mlinzi, tukampigia mamake.

Sikuacha kuogopa usiku ule. Lakini sikuwa peke yangu nikiogopa, na nilikuwa na kitu cha kufanya. Nikielekea kitandani nilielewa kwa mara ya kwanza maana ya jina Emanueli, kwamba Mungu yu pamoja nasi. Alikuwa amekuja na makoti mawili na tochi ya simu.

Rafiki yangu alipiga kesho yake. Alikuwa amejificha kwa binamuye Rongai. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisema Desemba hiyo kwamba watu 82 walikuwa wametekwa au kutoweshwa tangu Juni. Polisi walikanusha kuhusika. Vijana watano waliotoweka siku zile za kabla ya Krismasi walipatikana tarehe 6 Januari 2025, sikukuu ya Epifania, siku ya mamajusi waliokataa kumrudia Herode na kushika njia nyingine. Familia zao zilikesha Majilio kuliko sisi wote, na wengi wetu hatukuwatembelea hata kwa maombi.

Kwa hivyo Majilio yakija tena, usikubali faraja ya bei rahisi. Washa mshumaa, sali, imba, kula chapati. Lakini mtu akisimama mbele yako akakwambia usiogope, muulize swali moja: "Sawa, na tunaenda kwa nani?" Akikosa jibu, huyo si malaika.