Tusipigane juu ya alama ya motokari



Juma lililopita, saa ya mapumziko, wavulana wawili wa mwaka wa tano walikaribia kupigana ngumi hapa kwenye kiwanja. Ugomvi haukuwa juu ya chakula wala juu ya msichana. Mmoja alisema Mercedes njo motokari ya watu wakubwa, mwingine akajibu kama Toyota njo mfalme wa barabara. Wote wawili wanafika shuleni kwa miguu. Tulicheka sana, na mimi nilicheka. Lakini usiku nikamukumbuka baba mdogo wangu, kicheko kikaisha.

Baba mdogo aliweka falanga miaka mitatu. Akanunua motokari iliyokwisha tumika, akiichagua kwa alama ya mbele na kwa taa zake zilizokuwa kama macho ya chui. Jina la kiwanda siandike. Kisha miezi ine moteri ikafa. Kipande kilichotakiwa hakikuwa Kisangani, iliomba kukiagiza Kampala, na bei yake ilikuwa minerval ya watoto wawili. Binamu zangu wakakaa nyumbani trimestri nzima. Motokari iko nyuma ya nyumba, mbuzi wanalala chini yake.

Basi niwaulize ninyi wapenzi wa alama: sifa ya kiwanda ni ahadi, ao ni maneno tu?

Fikirini mambo ya Volkswagen. Kiwanda hiki cha Ujerumani kilisifiwa miaka mingi kwa kazi safi. Katika Septemba 2015 sirikali ya Marekani ikatangaza kama motokari zake za mazuti zilitiwa akili ya udanganyifu. Ndani ya kompyuta ya moteri mulikuwa programu yenye kutambua wakati motokari inapimwa. Ikipimwa, inatoa sumu kidogo tu. Ikirudi barabarani, inaachilia, mara nyingine mara 40 kupita kipimo cha sheria! Motokari karibu milioni 11 duniani zilikuwa na programu ile. Sisi wanafunzi tunajua tabia hii vizuri: surveyani akipita, darasa kimya kama kaburi, akigeuka kona, kelele. Na siri ilianza kujulikana namna gani? Watu wa chuo kikuu cha West Virginia walifunga vyombo vya kupimia juu ya motokari, wakaziendesha barabarani, si ndani ya nyumba ya vipimo. Mkubwa wa kiwanda, Martin Winterkorn, alijiuzulu mwezi ule ule wa Septemba.

Rafiki za Toyota wasifurahi mbio. Katika Desemba 2023 ilijulikana kama Daihatsu, kampuni iliyo mali ya Toyota, ilidanganya katika vipimo vya usalama. Aina 64 za motokari ziliguswa, na zingine ziliuzwa kwa jina la Toyota yenyewe. Udanganyifu wa zamani zaidi ulioonekana ulikuwa wa mwaka 1989.

Na sura je? Hapo ninaona tunapotea kabisa. Land Cruiser ya aina ya 70 ilitoka mwaka 1984, na mpaka leo uso wake ni kama sanduku la mbao. Lakini muulize shofere wa njia ya Buta ao ya Bafwasende kama aliisha kuicheka. Heshima yake haikutoka kwenye tangazo, ilitoka kwa watu waliolala nayo ndani ya matope na kuamka nayo, na kwa makanika wenye kuitengeneza chini ya muembe. Kule Kenya na Tanzania, wakubwa wenye kutembea ndani ya Mercedes-Benz walipewa jina la Wabenzi, na mnajua vizuri, lile halikuwa jina la sifa.

Kuna tena jambo la moshi. Ofisi ya mazingira ya Umoja wa Mataifa iliandika mwaka 2020 kama, tangu 2015 mpaka 2018, motokari ndogo milioni 14 zilizokwisha tumika ziliuzwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa kuliko zote ilikuja Afrika. Nyingi zilikuwa nzee, zenye moshi mubaya. Wao wanaona alama inaondoka, sisi tunapokea moshi. Hapa Kabondo mtoto mwenye kutembea kando ya barabara hapana kuuliza ule moshi ni wa Ujerumani ao wa Japani, anakohoa tu.

Kwa hiyo, ninyi wawili wa mwaka wa tano, mkitaka kubishana tena, bishaneni juu ya freni, juu ya vipande vinavyopatikana kwetu sokoni, juu ya makanika gani anajua moteri gani. Nitakuja kusikiliza, na nitaleta baba mdogo.

Siku ya posho mtu alikuja kutazama motokari yake, anataka kuinunua. Hakufungua moteri. Alifukuza mbuzi, akapangusa alama ya mbele kwa mkono wa shati, akatabasamu.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita