Fimbo ya mbali haiui nyoka

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Leo twaipima methali hiyo kwa habari ya redio za Marekani.

Hadi mwaka 1996 sheria ya nchi hiyo iliweka kikomo: kampuni moja isimiliki zaidi ya vituo 40 hivi. Mwaka huo Bunge liliondoa kikomo cha nchi nzima. Matajiri wakashindana kununua, na kampuni iitwayo Clear Channel ikafikia vituo zaidi ya 1,200. Faida yao ilikuwa wazi: mtangazaji mmoja aweza kusemea miji mingi, na mishahara ya wengine hailipwi tena.

Lakini tuutazame mji wa Minot, katika jimbo la Dakota Kaskazini. Usiku wa manane, tarehe 18 Januari 2002, mabehewa 31 ya gari la moshi yalitoka relini. Matangi 5 yakapasuka, na amonia, hewa ya sumu itumiwayo kwa mbolea, ikatanda juu ya nyumba za watu. Vituo 6 vya biashara vya mji ule vyote vilikuwa mali ya Clear Channel. Watu walifungua redio kutafuta shauri: wakae ndani au wakimbie? Wakasikia nyimbo. Polisi walipiga simu kituoni wasijibiwe. Mtu mmoja alikufa, na mamia waliumia.

Yatupasa kuwa wenye haki. Kampuni ilijitetea ikisema kwamba mtu alikuwako kazini, na kwamba polisi hawakuutumia ipasavyo mtambo wa kutoa hadhari. Labda makosa yaligawanyika. Hata hivyo twauliza: kama vituo 6 vingekuwa na wenyewe 6, je, wote wangekosa kuamka? Mtangazaji akaaye mjini huinusa sumu ile ile puani mwake. Mtambo haunusi kitu.

Wala ukubwa haukuilinda mali. Kampuni hiyo, iliyobadili jina kuwa iHeartMedia mwaka 2014, ilielemewa na madeni ya dola bilioni 20 hivi, ikaomba ulinzi wa mahakama mwaka 2018.

Basi, enyi wazazi na wanafunzi, kituo kidogo cha kwenu msikidharau kwa sababu sauti yake yakwaruza. Kipelekeeni habari za visima, za magonjwa, za daraja lililovunjika. Kisaidieni kwa kadiri mwezavyo. Siku ya hatari itakapofika, sauti nzuri ya mbali haitalijua jina la mtaa wenu.