Mkoba uliolegea unakula faida ya mchuuzi

TUNDUMA ni mji unaoishi kwa biashara ya kubeba. Ukiacha malori yanayovuka kwenda Nakonde, Zambia, wapo wachuuzi wanaopeleka bidhaa kwa pikipiki katika vijiji vya Momba, Mbozi na Ileje, na kurudi na mayai, maharage au matunda.

Baadhi yao hutumia mikoba ya ngozi inayoning'inia pande mbili za kiti cha nyuma. Ngozi ni imara, lakini ikilowa na kukauka mara kwa mara huku imebeba mzigo, hulegea na kufanya tumbo. Wengi huliona hilo kuwa suala la sura tu. Ukweli ni kwamba ni suala la fedha na usalama.

Chukua mfano wa mchuuzi aliyenunua trei la mayai 30 kwa Sh9,000, anayeuza yai moja Sh350. Faida yake ni Sh1,500. Yakivunjika mayai matatu tu, anauza 27 kwa Sh9,450 na kubaki na faida ya Sh450. Asilimia 70 ya faida imemwagika njiani. Aidha, mkoba uliolala unaweza kuungua kwenye bomba la moshi, au kunaswa na spoku na kumwangusha dereva.

Dawa si lazima iwe mkoba mpya. Kinachotakiwa ni kitu kigumu cha kuweka ndani ili mkoba usimame. Kadibodi na sailingibodi ni rahisi kupata, lakini hunywa maji na kuvimba, na mvua za Songwe huanza Novemba hadi Aprili. Bati halinywi maji, ila kingo zake hukata ngozi na nyuzi, na hatimaye hushika kutu. Plaiwudi inafaa kwa mizigo mizito, mradi ipakwe rangi pande zote.

Kwa mchuuzi wa kawaida, dumu la plastiki la lita 20 lililokatwa ndilo chaguo bora. Ni jepesi, halinywi maji na hujipinda bila kuvunjika. Hata hivyo, lisiwe lililowahi kubeba mafuta au dawa za kuulia wadudu, hasa kama mkoba utabeba chakula. Lisikae pia karibu na bomba la moshi, kwani joto hulilainisha.

Fundi apime kwanza kwa karatasi ngumu, kisha akate kipande cha kitako na cha ubavu unaoelekea gurudumu. Pembe ziwe za mviringo. Vipande vifungwe kwa kamba au mikanda badala ya gundi, ili viweze kutolewa mkoba uanikwe kivulini. Vinginevyo ngozi itaota ukungu.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi. Kipande cha ndani hulinda umbo la mkoba, hakiongezi nguvu za mshono. Mzigo mzito unahitaji fremu ya chuma iliyofungwa kwenye pikipiki, mkoba ukae juu yake. Wakulima wameilalamikia lumbesa kwa miaka mingi kwa sababu inawanyonya. Mchuuzi anayeusimamisha mkoba wake kisha akaushindilia mpaka ukapasuka, anajifungia lumbesa mwenyewe.