Talaka Haianzii kwa Hakimu

Mama wa Nyabusozi aliyechoshwa na ndoa anaweza kupanda bodaboda akitaraji kumweleza hakimu shida zake na kurudi na talaka. Akifika, ataulizwa kwanza: "Hati ya baraza iko wapi?"

Si usumbufu wa karani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, kazi ambayo huku kwetu mara nyingi hufanywa na Baraza la Kata. Mwenzi akiwa ametoroka na hajulikani aliko, au ameitwa barazani akagoma makusudi, sheria inaruhusu hatua hiyo irukwe. Bila sababu kama hizo zinazotajwa na sheria, hati ni lazima. Mahakama Kuu imekwisha kufuta talaka pamoja na mgawo wa mali kwa sababu hati haikuwepo au ilikuwa na kasoro, na watu wakaanza upya.

Kwa hiyo wajumbe wa baraza wana dhamana kubwa. Hawana mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa shamba. Kazi yao ni kusikiliza, kupatanisha na, ikishindikana, kuandika wazi kwamba wameshindwa. Kumrudisha mwanamke nyumbani mara nne "akavumilie" bila kumpa hati ni kumfungia mlango wa mahakama, na hilo ni kosa kubwa.

Mahakamani, hata ile ya mwanzo, kuchokana peke yake hakutoshi. Hakimu anatafuta ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika: ukatili, uzinzi, kutelekezwa miaka 3 au zaidi.

Kisha inakuja mali. Wapo wanaume wanaosema mke hakuchangia kitu kwa kuwa hakuwa na mshahara. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe alishindwa rufaa yake, lakini tamko hilo linawalinda wake hadi leo.

Na watoto je? Mtoto wa chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, isipokuwa mahakama ikionyeshwa vinginevyo.

Anayekwenda barazani wiki hii asiondoke mikono mitupu. Aisome hati hapo hapo: majina yako sawa, imesema wazi kuwa usuluhishi umeshindikana, imesainiwa, imegongwa muhuri.