Nyota Zitembeazo

Wiki hii tumeulizwa na akina mama kuhusu safu ya taa iliyopita angani baada ya Magharibi, zikifuatana mfano wa shanga uzini, watoto wakakimbilia ndani wakilia. Wapo waliosema ni alama za Kiyama. Hizo ni setilaiti za intaneti, zirushwazo nyingi kwa mkupuo mmoja, nazo husafiri kwa mfuatano siku za mwanzo kabla ya kutawanyika. Hofu ile hatuicheki. Mtoto huogopa kitu asichofundishwa jina lake.

Setilaiti haina nuru yake, humulikwa na jua. Jua likishatuchwea sisi huku chini, yenyewe, kwa kuwa iko juu mno, ingali mwangani. Ndiyo sababu huonekana zaidi baina ya Magharibi na Isha, na tena kabla ya Alfajiri, wakati wa daku. Ikififia ghafla pasipo wingu, imeingia katika kivuli cha dunia.

Ing'aayo kuliko zote ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilicho kimo cha kilomita 400 hivi, kiizungukacho dunia kwa dakika 90 hivi. Ndege hupepesa taa. Kimondo huisha kufumba na kufumbua. Kituo hiki huteleza kimya kwa dakika kadhaa. Na ndani mna watu. Mwaka 2007 alikuwamo Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia (Sheikh ni jina lake, si cheo). Huko jua huchomoza mara 16 kwa siku yetu moja, basi nchi yake ilimwandalia mwongozo: sala ni tano kwa saa 24, kwa nyakati za mahali aliporushiwa. Mwaka 2023 Sultan Al Neyadi wa Imarati alikaa humo miezi sita.

Wala mambo haya si ya ugenini. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo nyotani. Mwenye bibi wa Ngomeni na amuulize kama aikumbuka siku ile.

Basi jioni moja zimeni taa za uani, macho yazoee giza kwa dakika kumi. Na mabinti nao wapande darini, wasiachiwe vyombo huku kaka zao wakihesabu.